Nafasi ya Gitaa la Pili

Kufikia Alhamisi asubuhi, Waruguru alikuwa amelitazama lile bango hadi akaanza kuliota usiku. Lilikuwa limebandikwa ukutani mwa ofisi yake ya upelelezi, juu ya duka la mbegu pale Ruiru, kando ya picha yake ya zamani akiwa sajini wa polisi, enzi ambazo mkanda wa yunifomu ulikuwa bado unafika tundu la tatu.

Halikuwa na sura ya mtu, na hilo peke yake lilitosha kushangaza. Mabango yote ya muziki mjini yana sura, tena sura zilizong'arishwa mpaka mwimbaji anafanana na sufuria mpya. Hili lilikuwa na mistari tu, ya buluu iliyokolea. Mistari ilipanda mitatu mitatu, ikashuka kwa haraka, kisha palikuwa na nafasi nyeupe. Ikapanda tena, ikashuka, nafasi nyeupe. Hivyo hivyo kutoka juu hadi chini, na chini kabisa maneno machache: MUIGAI. GITAA. JUMAMOSI SAA NANE MCHANA. UKUMBI WA JECONIA, RUIRU.

Shida ni kwamba Muigai mwenyewe hakuwa na habari.

Alikuwa amepanda ngazi za ofisi Jumanne, mzee wa miaka sitini na mitatu, kofia mkononi, hasira usoni. Siku hizi alifuga kuku wa mayai kule Mugutha, lakini zamani gitaa lake la benga lilijaza kumbi kuanzia Thika hadi Gatundu. Kwa miaka tisa hakuwa amekanyaga jukwaa. Sasa simu yake ilikuwa haipoi.

"Watu wa Gatundu wamekodi gari, Mama Shiko," alimlalamikia Waruguru. "Shemeji yangu amenunua viatu! Nikienda huko, nitawapigia nini? Nisipoenda, nitaitwa mkora. Na mimi sijawahi kuitwa mkora, hata na wakwe zangu."

"Unataka nifanye nini?"

"Nataka jina la huyu mtu. Ijumaa saa sita nitaingia redioni nimtaje. Nitawaambia watu wabaki nyumbani."

"Na gitaa umeliacha kabisa?"

"Kabisa."

Alijibu haraka mno. Waruguru aliliandika neno hilo kwenye daftari akalipigia mstari. Miaka ishirini na miwili ya polisi ilikuwa imemfundisha kwamba anayejibu haraka hivyo ameandaa jibu lake nyumbani.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa Jeconia mwenyewe, mwenye ukumbi. Mwaka huo alikuwa amekwenda Mugutha mara tatu kumbembeleza Muigai arudi jukwaani, na mara zote tatu alirudi na trei ya mayai badala ya jibu. Waruguru alimkuta akipanga viti, tumbo likitangulia na mwenyewe akifuata.

"Afande! Karibu. Kama ni ile poster ya Muigai, si mimi. Naapa na huu ukumbi."

"Ukumbi ni wa kukodi, Jeconia. Apa na kitu chako."

Jeconia alicheka hadi akakalia kiti. "Haya. Mtu alipiga simu, akasema anaandaa show ya Muigai. Mimi nikaruka kama mwana-mbuzi. Jina sikuuliza, furaha ilinizidi. Sasa ile namba imezimwa."

"Na poster?"

"Kuja uone kazi yangu, halafu unishuku ukitaka."

Alimwongoza hadi kwenye ukuta wa mlangoni. Sura, sura, sura. Mwimbaji wa injili na mwimbaji wa baa walikuwa wametabasamu meno yale yale, nyuma yao miale ile ile ya dhahabu.

"Mimi ni mtu wa sura," Jeconia alisema kwa fahari. "Bango bila sura ni kama kitambulisho bila picha. Halafu hebu lete hiyo yako. Unaona? Hajakata hata pambizo! Karatasi imeachwa nyeupe pande zote kama shamba la mvivu. Mchapaji gani hufanya hivyo? Na hii misalaba midogo kwenye kona nne, hii inafaa kukatwa itupwe."

"Ni ya kazi gani?"

"Ya kupangia rangi. Ukishachapa rangi ya kwanza, unaleta ya pili juu yake. Misalaba ikilalia misalaba, rangi haziendi kombo."

"Hapa kuna rangi ngapi?"

Jeconia alitazama, akakuna kidevu. "Moja."

"Sasa anapangia nini?"

"Ai, Afande, hiyo ni kazi yako." Kisha akakumbuka jambo. "Lakini kuna mtu wa Thika alinipigia jana, anauliza kama zile za rangi ya chungwa ndizo za viti vya mbele. Sikumwelewa, nikamwambia ndiyo."

Waruguru aliandika: chungwa, Thika. Akamfuta Jeconia kwenye orodha ya washukiwa. Mtu anayependa sura kiasi kile hawezi kuchapa bango bila sura, hata kwa kutishwa na bunduki.

Aliporudi ofisini alifanya jambo ambalo alijilaumu kwa kutolifanya Jumanne. Alitafuta kwenye simu wimbo wa zamani wa Muigai, akauwasha, akasimama mbele ya bango kidole kikiwa juu ya mstari wa kwanza.

Gitaa lilipanda ngazi tatu, na kidole kikapanda mistari mitatu. Gitaa likashuka mbio, kidole nacho kikateremka. Waruguru alipiga kelele peke yake, "Haiya!" na chini dukani muuza mbegu akauliza kama kuna panya. Huyu mchoraji hakuwa amechora mapambo, alikuwa ameuchora wimbo wenyewe, pigo kwa pigo. Waruguru alirudia mara nne, kwa sababu ya kazi mara mbili na kwa sababu ya raha mara mbili.

Ila nafasi nyeupe hazikukubali. Kila mara kidole kilipofika kwenye weupe, gitaa la Muigai lilinyamaza kweli, lakini gitaa jingine liliingia likamjibu, zito kidogo, la utani, kama mtu anayesema "unadanganya wewe." Katika rekodi nzima hapakuwa na nafasi hata moja iliyokuwa tupu.

Waruguru aliketi. Mchoraji hakuwa amesikiliza rekodi. Alikuwa amemsikia Muigai akipiga peke yake, akiacha nafasi za mwenzake bila mtu wa kuzijaza. Na mtu aliyeacha gitaa kabisa hasikiki akipiga peke yake.

Mugutha mchana ule kulikuwa na vumbi na kelele za nyundo. Kila upande wa shamba la Muigai palikuwa panaota nyumba ya ghorofa. Langoni palikuwa na karai la dawa ya kuua vijidudu, la kukanyaga, na Waruguru alikanyaga viatu vyake vizuri kama ilivyotakiwa, kwa maana mfugaji wa kuku anaweza kukusamehe wizi kabla ya kukusamehe viatu vichafu.

"Umempata?" Muigai aliuliza.

"Nimempata mmoja. Hebu nipe mkono wa kushoto."

Mzee alinyoosha mkono bila kufikiri. Waruguru aligusa ncha za vidole vinne, moja moja. Zilikuwa na sugu, ngumu kama punje za maharagwe.

"Kuokota mayai hakuleti sugu hapa, mzee. Na pale ndani naona msumari wa kutundikia redio, ila redio sioni. Kuku mia nne, nyundo zinapigwa pande zote, na hakuna hata mmoja anayeruka. Nani anawatuliza?"

Muigai alitazama chini. Alijikuna sikio moja.

"Redio iliharibika mwaka juzi," alisema. "Hawa watu wakaanza kujenga, kuku wakawa wanashtuka, mayai yakapungua nusu. Nikajaribu gitaa siku moja tu, Mama Shiko, siku moja. Wakatulia. Sasa saa nne asubuhi na saa tisa mchana lazima niwapigie, la sivyo wananitazama vibaya. Mke wangu anajua. Usiniangalie hivyo."

Waruguru alijaribu kutocheka, akashindwa. Mzee alinuna kidogo, kisha naye akacheka, mabega yakitikisika.

"Mficha uchi hazai," Waruguru alisema. "Ungeniambia Jumanne ungenipunguzia ngazi nyingi. Sasa niambie la pili. Gitaa la kujibu lilikuwa la nani?"

Kicheko cha mzee kikaisha.

"Sifuna. Nicanor Sifuna, wa Thika. Miaka kumi na minne tulipiga pamoja. Halafu tukawa na show kubwa Thika, na poster zikatoka zina jina langu peke yangu. Mimi nilikuwa nimeandika majina mawili, kwa mkono wangu, nikapeleka kwa wachapaji. Sifuna akaja na poster mkononi, akaniambia, 'Kumbe mimi ni kivuli chako.' Nikangoja aniulize nini kilifanyika. Hakuniuliza. Nikasema basi, kama anaweza kunidhania hivyo, aende. Alikuwa anatafuta tu sababu."

"Na wewe hukumweleza?"

"Hakuuliza!"

Miaka tisa, Waruguru alifikiri, na wote wawili watu wazima wenye wajukuu. Alitamani kumpiga mtu kofi la upole.

"Saa tisa mchana, nani huja hapa langoni?"

Muigai alihesabu kwa vidole. Daktari wa kuku, lakini huyo huja asubuhi. Mwenye trei, lakini huyo ana haraka kila siku. "Na yule Mkamba wa magunia. Hununua magunia matupu ya chakula cha kuku kila Jumanne, anatoka Thika. Yeye hana haraka. Hukalia magunia yake hapo nje macho yamefungwa, nikadhani ana usingizi."

"Jina lake?"

"Tunamwita wa Magunia. Lakini achana naye, ni mtu mzuri. Ni Sifuna huyu. Ni Sifuna anataka kunivua nguo mbele ya watu."

Waruguru naye alikuwa amefika hapo hapo. Mwenye kinyongo cha miaka tisa, anayeujua wimbo kwa kila pigo, ambaye angejua nafasi zake ziko wapi. Kesi ilionekana kuwa imejimaliza yenyewe. Kesi za namna hiyo zilikuwa zimemdanganya mara nyingi, lakini bado alipanda gari kwenda Thika akiwa na matumaini.

Nicanor Sifuna, msimamizi mstaafu wa kiwanda cha nguo katika Eneo la Viwanda, aliishi Makongeni. Chumba cha mbele mkewe Nakhumicha alikuwa amekigeuza kuwa cha kushonea. Alikuwa mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na cherehani yake haikusimama wakati anamkaribisha mgeni.

"Mulembe, mayi. Karibu mama, kaa hapo. Mzee! Kuna mtu wako!"

Sifuna alitoka chumba cha nyuma, mrefu, mwembamba, nywele nyeupe pe. Alipolisikia jina la Muigai alirudi ndani bila neno, akatoka tena na karatasi iliyokunjwa.

"Ndiyo, nilijua atatuma mtu. Mwambie nimeona alichonifanyia. Kwanza aliniondoa kwenye poster. Sasa ananiweka kwenye poster ambayo sijaomba, ili niende Ruiru nikaonekane mjinga. Mwambie Sifuna hachezewi mara mbili."

Alikunjua karatasi juu ya meza. SIFUNA. GITAA. JUMAMOSI SAA NANE MCHANA. UKUMBI WA JECONIA, RUIRU. Mistari ya rangi ya chungwa, minene kidogo, ikizunguka kama mtu anayecheka. Na katikati yake, nafasi nyeupe. Pambizo halikukatwa. Kwenye kona nne, misalaba midogo.

Mshukiwa wake wa pili akawa amemponyoka hivyo, na Waruguru hakusikitika hata kidogo.

"Mama, naomba dirisha lako," alimwambia Nakhumicha.

Alilitoa bango la buluu kwenye mkoba, akalibandika kwenye kioo kwa mikono miwili. Juu yake akaweka lile la chungwa. Jua la alasiri lilikuwa limelielekea dirisha moja kwa moja. Alisogeza karatasi kidogo kushoto, kidogo juu, hadi msalaba ukalalia msalaba kwenye kona ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, ya nne.

Cherehani ilinyamaza.

Hapakuwa tena na nafasi nyeupe. Buluu ilipanda, ikashuka, na pale ilipoishia chungwa likaingia likazunguka, likaachia, buluu ikapokea. Ulikuwa wimbo mzima, umesimama dirishani, na mwanga ukipita katikati yake.

"Nicanor," Nakhumicha alisema taratibu. "Njoo uone. Ni nyinyi hawa."

Sifuna alikaribia. Kidole chake cha shahada kilianza kufuata mistari ya chungwa, na kidole gumba kikawa kinagonga pajani. Alipofika mwisho alitoa leso akapenga kamasi kwa kelele.

"Nani amefanya hii?" aliuliza.

"Bado namtafuta. Wewe hupiga gitaa hapa nyumbani?"

"Huko nyuma. Kidogo tu. Mchana."

"Kila siku," mkewe alisahihisha. "Vipande vipande. Anapiga, ananyamaza, anapiga, ananyamaza. Nilikuwa nafikiri anasahau."

Waruguru alikuwa tayari anatazama sakafu. Kando ya cherehani palikuwa na rundo la magunia matupu ya chakula cha kuku wa mayai, aina ile ile aliyoiona Mugutha. Mengine yalikuwa yameshageuzwa kuwa mikoba ya sokoni, yenye maua yaliyochapwa kwa rangi ya chungwa. Alichukua mkoba mmoja akauweka kando ya bango. Hata jicho la mlevi lingeona kwamba wino ni mmoja.

"Haya magunia ni ya nani?"

"Ya Kivuva," Nakhumicha alisema. "Ananiletea nashona, anaenda kuchapa. Kijana mpole sana. Huwa anakaa hapo mlangoni macho yamefungwa, nampa chai, namwambia akapumzike." Alisimama ghafla, mkono mdomoni. "Mayi!"

Karakana ya Kivuva ilikuwa pembe moja ya godauni la zamani katika Eneo la Viwanda, na ilinukia wino na mafuta ya taa. Waruguru aliingia akiwa na sauti yake ya kipolisi tayari kooni, kisha akaona kuta, akaisahau.

Palikuwa na mabango kila mahali, na hakuna hata moja lenye sura. La kwaya moja ya Mwiki lilikuwa tabaka za rangi zilizopangwa kama leso zilizokunjwa kabatini, za chini nzito, za juu nyepesi. La mpiga ngoma lilikuwa alama za vidole halisi, mamia, zikikimbizana. La mwimbaji mmoja mwenye haya lilikuwa jeupe tupu, jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona ya chini, hata Waruguru akajikuta ameinama kulisoma, kama vile watu huinamia mbele kumsikiliza mtu wa sauti ndogo.

"Wewe huwasikia hivi?" aliuliza.

Kivuva, mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi, mikono ya rangi mbili hadi viwikoni, aliona mabango mawili aliyoshika mgeni akajua.

"Mimi picha sijui kuchora, madam. Nafunga macho, nasikiliza, mkono unaenda. Umetoka kwa nani kati yao?"

"Kwa wote wawili. Keti, unieleze. Kwa nini hukati pambizo?"

Lilikuwa swali dogo, lakini Kivuva aliketi kwa uzito kama aliyeulizwa la mauaji. Kisha alifungua droo, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa utepe wa karatasi, mrefu kama mkono na mwembamba kama rula. Ulikuwa umegeuka manjano. Uliandikwa kwa herufi kubwa nyeusi: NA NICANOR SIFUNA, GITAA LA PILI.

"Nilikuwa fundi wa gilotini," alisema, "ile mashine ya kukata karatasi. Kwa wachapaji fulani hapa Thika, walishafunga. Poster mia mbili ziko kwenye rundo moja, kisu kinashuka mara moja tu. Mimi nikaweka alama upande usiofaa. Nilipoangalia chini, jina la mzee Sifuna lilikuwa sakafuni, mara mia mbili."

"Ukanyamaza."

"Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini, madam. Nikafagia. Nikabaki na moja tu. Nilisema nitaenda kuwaambia. Kesho, kesho. Halafu nikasikia bendi imevunjika. Ningeanzia wapi?" Aliupangusa uso kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na wino. "Tangu siku hiyo sijakata karatasi. Nachapa, naacha ilivyo."

"Na magunia?"

"Magunia ni biashara tu, naapa. Sikujua ni shamba la nani. Siku moja nimekaa pale Mugutha nasikia gitaa, na kila mara linanyamaza mahali fulani. Nikashtuka. Kumbe hizo ndizo nafasi ninazozisikia kwa mama Nakhumicha zikiwa zimejaa! Mmoja anaacha nafasi Mugutha, mwenzake anaijaza Makongeni. Miaka tisa!"

"Sasa si ungechapa bango moja tu, majina mawili?"

"Kila mmoja angesema ni mwenzake amenituma. Nikasema wacha kila mtu aone jina lake peke yake. Watakasirika. Watakuja Ruiru kutafuta nani amewachezea, wakutane mlangoni. Mtu akikataa kuletwa na upendo, hasira itamleta, hata nauli atajilipia."

Waruguru alifunga daftari. Katika miaka yake yote alikuwa amesikia mipango mibovu mingi, lakini wachache waliokuwa nayo walikuwa na moyo mzuri hivi.

"Muigai anaingia redioni kesho saa sita," alisema. "Lete huo utepe. Saa tatu na nusu uwe Makongeni. Na uoge." Kisha akarudi Makongeni kumweleza Sifuna yote.

Ijumaa saa nne asubuhi nyundo za Mugutha zilikuwa zimeshaanza. Waruguru alisimama langoni na watu wawili, wote wamekanyaga dawa. Kivuva alikuwa amevaa shati jeupe na ameshika bahasha kwa mikono miwili. Sifuna alikuwa amebeba gitaa lake, na tangu Thika hakuwa amesema neno. Usiku kucha alikuwa amemwambia mkewe kwamba haji, na asubuhi mkewe akakuta ameshabadilisha nyuzi.

Kutoka kwenye banda la kuku, gitaa lilianza.

Lilipanda ngazi tatu, likashuka mbio, likanyamaza. Nafasi ikapita, tupu. Likapanda tena.

"Siku hizi anapiga polepole," Sifuna alinong'ona.

"Ni kwa ajili ya kuku," Waruguru alimjibu.

Sifuna aliweka mguu juu ya tofali, gitaa gotini. Aliacha nafasi ya pili ipite, na ya tatu pia. Waruguru alijikuta anahesabu nafasi kwa vidole, akajishangaa, yeye aliyewahi kuvunja milango ya majambazi. Nafasi ya nne ilipofika, Sifuna alishusha mkono, na lile jibu zito la utani likapita kwenye wavu wa waya likaingia bandani.

Ndani gitaa lilikatika. Kuku hawakuruka. Nyundo nazo, kwa bahati tu, zilikuwa zimepumzika.

Kisha Muigai akaanza upya, kutoka mwanzo, kwa kasi ya zamani. Akapanda, akashuka, akaacha nafasi, na safari hii hakuna iliyobaki tupu. Waliupiga wimbo mzima hivyo, wavu katikati yao, na ulipoisha mzee alitoka akiwa na manyoya kwenye kofia na machozi ambayo hakujisumbua kuyafuta.

"Ulichelewa kuingia," alimwambia Sifuna.

"Wewe ulikuwa unakimbia."

"Mimi niliandika majina mawili, Nicanor. Kwa mkono wangu."

"Najua. Nimejua jana." Sifuna alimsukuma Kivuva mbele kidogo kwa kiwiko. "Huyu ndiye mshtakiwa wetu."

Kivuva alitoa utepe, akaeleza habari ya kisu na ya droo. Muigai aliusoma mara mbili, akitembeza midomo, akampa Sifuna, naye akausoma. Waruguru alifungua daftari lake ili asitazame nyuso zao. Kisha akasikia sauti aliyodhani ni kukohoa. Kilikuwa kicheko. Kilianza kwa Muigai, kikampata Sifuna, na mwishowe wazee hao walikuwa wameshikana mabega, wanacheka hadi wanaishiwa na pumzi, wakionyeshana ule utepe kama picha ya mtoto.

"Kumbe ni wewe, wa Magunia, umetuficha kwenye droo miaka tisa," Muigai alimwambia Kivuva. "Leo utakunywa chai hapa hadi ikutoke masikioni."

"Mzee, saa sita imekaribia," Waruguru alikumbusha. "Redio. Ulitaka jina la mtu wa kumtaja."

"Nitawaambia kweli. Bango lina makosa, limesahau jina moja. Waje wote, na shemeji yangu avae viatu vyake."

Kivuva alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa midomo. Wino upo, fremu za kuchapia zote mbili zipo, karatasi mpya inatosha. Buluu kwanza, ikikauka, chungwa juu yake, majina mawili yaliyolingana. Kufikia saa kumi angekuwa na mabango mia mbili tayari ukutani, Ruiru na Thika.

Alifika langoni, akasita, akageuka.

"Wazee, hizi ni za maana. Mnataka nikate pambizo, zipendeze?"

"Usikate!" walipiga kelele kwa pamoja.

Kuku mia nne, waliovumilia nyundo na benga ya magitaa mawili, waliruka wote kwa mara moja hadi darini. Siku hiyo mayai yalipungua trei tatu, na Muigai hakulalamika.